Mtu wa Kumi na Sita

Orodha niliiandika mimi, kwa mkono wangu, nyuma ya risiti ya duka la dawa za mifugo. Ilikuwa Mei 2020, usiku, jikoni kwa nyanya yangu, Cucu kwa Kikuyu chetu, huku Giakanja. Cucu alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo, kitandani mwake, kwa uzee, baada ya majuma mawili ya kusukuma kando bakuli la uji kwa upole bila kueleza sababu. Kwa sababu ya korona, mazishini waliruhusiwa watu 15, basi. Nairobi ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6 Aprili, haiingiliki wala haitokeki, na wanawe wawili pamoja na wajukuu wengi walikuwa upande ule wa vizuizi vya polisi, wakijiandaa kumwona mama yao akiteremshwa kaburini kwenye kioo cha simu.

Mimi nafundisha Nyeri mjini, kwa hiyo nilikuwa huku, na kalamu nikapewa mimi. Mchungaji, mmoja. Baba yangu, baba mdogo, shangazi wawili. Dada yangu, ambaye ana jina la Cucu. Binti wa pili wa shangazi, ambaye naye ana jina la Cucu. Vijana wa kushika kamba na majembe. Mara 15 wakatimia. Nikafuta mmoja, nikaongeza mwingine. Baba akachungulia juu ya bega langu, akasema imetosha. Orodha ilikuwa na watu wawili wenye jina la marehemu. Haikuwa na mwanamke wa ng'ambo ya kijito, aliyemjua kwa miaka 66. Jina lake sikulifuta. Halikunijia kabisa.

Alikuja hata hivyo. Alisimama nje ya ua wa kaiyaba, upande wa njia ya ng'ombe, amevaa koti la marehemu mumewe na barakoa ya kitambaa iliyokuwa ikimteleza puani, mikono yote miwili juu ya fimbo. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwita. Ibada ilichukua dakika arobaini hivi, na sijawahi kuhudhuria mazishi mafupi kuliko hayo huku kwetu, ambako msemaji mmoja anaweza kumaliza muda huo akitambulisha wageni tu. Udongo ulipokwisha kusawazishwa ndipo nilipomwona. Nikaenda hadi penye mwanya wa ua, nikitarajia ataniuliza kwa nini. Yeye akauliza, "Mzee, mlimfunga kitambaa gani?"

Ameniita Mzee tangu nikiwa mtoto wa kutambaa, kwa sababu nimepewa jina la mume wa Cucu. Sikujua ni kitambaa gani anachosema. Nikamjibu kwamba nadhani ni cheupe, kile kilichokuja na sanduku. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu sokoni, akageuka, akaanza kushuka mteremko polepole kuelekea kijitoni.

Imenichukua miaka kulielewa swali lile, na yaliyomo katika sura hii ndiyo niliyojifunza nikilitafutia jibu.

Kwa Wakikuyu, ndugu wa damu wana namna yao ya kushindana na kifo. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, wa pili kwa jina la babu mzaa mama. Wa kwanza wa kike ni nyanya mzaa baba, wa pili ni nyanya mzaa mama. Wanaofuata hupewa majina ya shangazi, ami, wajomba na mama wadogo. Mgeni huona ni desturi ya kuchagua majina. Kwa mwenye kuishi ndani yake ni zaidi ya hapo: nyanya anapomwita mjukuu wake wa miaka minne "mume wangu" hafanyi mzaha, anamsalimia mumewe. Mama humwita bintiye "mama" na kumlalamikia kwa sauti ileile aliyomlalamikia mama yake mzazi. Watu huondoka na kurudi. Jina la Cucu, hadi anafariki, lilikuwa limesharudi mara nne katika ukoo wetu, na wenye jina hilo walikuwa wamekaa mezani pake, wakila nduma yake, naye yu hai anawatazama. Tulipomzika tulilia, lakini hatukulia kama watu walionyang'anywa kila kitu.

Rafiki hana hilo. Ndivyo nilivyoamini wakati ule. Rafiki anapokufa hakuna mtoto anayezaliwa kumleta tena kwa yule aliyebaki. Kijitabu cha mazishi kina ukurasa wa wazazi wa marehemu, wa mwenzi wake, wa watoto, wakwe, wajukuu na vitukuu, na mwishoni, kabla ya ratiba ya nyimbo, kuna mstari mmoja: rafiki wa wengi. Nimesoma vijitabu vingi vya namna hiyo, na huo wingi unanisumbua. Rafiki wa wengi maana yake hakuna hata mmoja aliyetajwa.

Haikuwa hivyo zamani, walau kwa mpango. Nchi ya Wakikuyu ilisimama juu ya miguu miwili: mbari, yaani ukoo wa damu wenye ardhi, na rika, yaani wale mliotahiriwa pamoja. Marika yalipewa majina ya mambo yaliyotukia mwaka huo, njaa, maradhi, ndege ya kwanza kupita angani, na mtu alibeba jina la rika lake hadi kufa. Jomo Kenyatta alieleza kwa kirefu nguvu ya rika katika Facing Mount Kenya, kitabu chake cha 1938: jinsi wenye rika moja walivyokuwa ndugu hata kama hawajawahi kuonana, jinsi lililompata mmoja lilivyokuwa la wote. Rika lilikuwa urafiki uliopewa sheria. Mzee alipohisi siku zake zimekwisha aliwaita wanawe, akawagawia mali kwa mdomo, akawabariki, na maneno ya mwisho ya mzee yaliogopwa, kwa sababu yangeweza kuwa baraka au laana. Kuagana kwenyewe kulifanyika hapo, mtu akiwa bado anasikia na kujibu. Baadaye hapakuwa na mkutano mkubwa. Waliozikwa kaburini walikuwa wazee wenye hadhi na mali. Watu wengi walilazwa porini, na waliomgusa maiti walitakaswa. Kaburi la kila mtu, sanduku, wimbo na hotuba vililetwa na wamishenari na serikali ya kikoloni. Simaanishi kwamba tungerudi porini. Nasema tu kwamba kwa wazee wa wazee wetu kuaga kulikuja kabla ya kifo, na sisi tumekuhamishia baada yake, kwenye hema na viti vya plastiki, ambako anayeagwa hawezi kuuliza lolote.

Urafiki wa Cucu haukutokana na rika. Mwenzake alitoka mgongo mwingine wa vilima (huku tunaihesabu nchi kwa migongo, mto kati ya mmoja na mwingine), na wasingekutana ila kwa nguvu. Nguvu ilikuja. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na kuanzia katikati ya 1954 watu zaidi ya milioni moja wa Kikuyu, Embu na Meru waliondolewa mashambani mwao na kuingizwa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye uzio na walinzi. Nyumba za zamani zilichomwa. Wanawake wakajenga mpya kwa mikono yao, siku chache tu, wengi wao waume zao wakiwa kizuizini au msituni. Cucu alikuwa na miaka kama ishirini, ameolewa juzijuzi, mume yuko Manyani. Jirani aliyepangiwa ukuta wa pili alikuwa wa umri uleule, na mumewe hakujulikana aliko.

Kutoka kijijini walipelekwa kila siku kuchimba handaki kando ya msitu wa Nyandarua, refu na lenye kina, chini yake vigingi vya mianzi vilivyochongwa, ili wapiganaji wasipate chakula kutoka kwa watu wao. Jioni kulikuwa na kafyu. Hayo nimeyasoma katika vitabu kama wasomaji wengi. Ambayo hayamo vitabuni nilielezwa na mwenzake, 2021, akimenya maharagwe: kwamba mmoja akichimba mwingine alibeba udongo, na wakibadilishana walibadilishana pia mtoto mgongoni, kwamba Cucu alikuwa na sauti nzuri akiwa msichana, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelijua, kwamba kijiji kizima kilimwita kwa jina la utani ambalo sitaliandika hapa kwa sababu lilibaki lao wawili. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu. Nilidhani namjua nyanya yangu. Nilimjua tangu alipokuwa nyanya.

Naona hapo ndipo urafiki wa uzeeni unapotofautiana na mapenzi ya watoto na wajukuu, hata yawe makubwa kiasi gani. Sisi sote tulimkuta Cucu amekwisha kuwa mtu mzima. Tulimwita mama, shangazi, cucu, majina ya kazi aliyotufanyia. Aliyebaki akimwita kwa jina la usichana alikuwa mmoja duniani, na kwa kila mmoja wao mwenzake alikuwa shahidi wa pekee kwamba siku moja alikuwa na miaka ishirini, ana njaa, anacheka. Shahidi huyo akiondoka, miaka ile inabaki na mtu mmoja wa kuikumbuka, na jambo linalokumbukwa na mtu mmoja huanza kumtia shaka mwenyewe.

Kijiji kilipovunjwa, ardhi ikiwa imeunganishwa na kila familia kupewa shamba moja badala ya vipande vilivyotawanyika, wawili hao waliangukia pande mbili za kijito kimoja. Dakika kumi kwa miguu ya kijana, nusu saa kwa miguu ya mwisho. Waliingia chama kimoja cha itega, wakawa wanakwenda kwa zamu nyumbani kwa kila mwanachama na unga, blanketi, sufuria. Kwa nje itega ni zawadi. Kwa ndani ni kibali cha kutoka nyumbani, kwa wanawake ambao mume, ng'ombe na mibuni visingewapa kibali kingine. Miaka ya karibuni binti zao, wa rika la mama yangu, wamekuwa na kamweretho: wanashona sare, wanachanga, wanakwenda kwa zamu kwa wazazi wa kila mmoja wao kuwashukuru kwa mizigo ya vyakula na zawadi. Baadhi ya wachungaji na wanaume wameipinga sana. Mimi nimehudhuria moja kama dereva, nikaona mzee wa miaka tisini akishukuriwa na wanawake thelathini ambao ni mmoja tu aliyemzaa. Wale ishirini na tisa walikuwa marafiki wa bintiye. Sijaona mkutano mwingine huku kwetu unaompa rafiki nafasi ya mbele namna hiyo.

Kisha zikaja pesa za wazee. Mpango wa Inua Jamii ulipopanuliwa 2018 kumfikia kila Mkenya mwenye miaka 70 na zaidi, kila mmoja wao alianza kupata shilingi 2,000 kwa mwezi. Mara nyingi zilifika za miezi miwili kwa pamoja, na siku ya kuzichukua ikawa sikukuu yao. Walipanda matatu mapema wakati ukungu haujaondoka mabondeni, wakapanga foleni benki Nyeri mjini, kisha wakaketi hotelini wakanywa chai ya maziwa na mandazi hadi saa sita. Shangazi yangu alilalamika kwamba nauli na chai zinakula pesa, afadhali wamtume mjukuu. Walikataa. Hesabu ya shangazi ilikuwa sahihi upande wa shilingi.

Sayansi inawaunga mkono wale wawili. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, na wenzake walikusanya matokeo ya tafiti 148 zilizohusu watu zaidi ya 300,000, wakaona kwamba wenye mahusiano imara ya kijamii walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi kwa asilimia 50 ule wa wenye mahusiano hafifu. Athari hiyo inakaribia ile ya kuacha sigara. Sensa yetu ya 2019 ilihesabu Wakenya karibu milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Katiba, Ibara ya 57, inawapa haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa ipasavyo na familia zao na Serikali. Ni ibara nzuri, nami naiheshimu. Lakini isome tena: familia na Serikali. Kati ya hao wawili hakuna mtu wa tatu, yule wa ng'ambo ya kijito anayejua kwamba leo bomba la moshi la mwenzake halijatoa moshi na ni saa mbili asubuhi.

Sheria zetu za kifo nazo ni hivyo. Kesi iliyotikisa Kenya nzima ilikuwa ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986 na asizikwe hadi tarehe 23 Mei 1987, kwa sababu mjane wake Wambui, Mkikuyu, na ukoo wake wa Umira Kager, Waluo, walishindana mahakamani nani ana haki ya kumzika na wapi. Ukoo ulishinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Nilikuwa mtoto shule ya msingi na watu wazima waligawanyika hadi wakasusiana. Nikiitafakari leo naona jambo ambalo halikumgusa mtu yeyote wakati ule: pande zote mbili zilidai kwa nasaba au kwa ndoa. Kwamba rafiki angeweza kuwa na dai lolote juu ya maiti halikuwa hata wazo.

Kilomita chache kutoka Giakanja, katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro Nyeri mjini, yuko mzee ambaye rafiki ndiye aliyempa mahali pa kufia. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alihamia Nyeri 1938 akiwa na miaka 81. Hakuwa na ukoo huku. Alikuwa na Eric Sherbrooke Walker, mwenye Hoteli ya Outspan, ambaye ujanani alikuwa katibu wake, na ndani ya uwanja wa hoteli hiyo ikajengwa nyumba ndogo yenye baraza linalotazama Mlima Kenya. Wakaiita Paxtu. Alikaa hapo akichora wanyama na kuandika barua, akiacha pia barua za kuaga zisomwe akishaondoka, na akafariki tarehe 8 Januari 1941. Kwenye jiwe la kaburi kuna duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti inayomwambia anayekuja nyuma: nimekwenda nyumbani. Majivu ya mkewe Olave, aliyefariki 1977, yaliletwa kulala naye. Nyumba ileile baadaye ilikaliwa na Jim Corbett, mwindaji na mwandishi kutoka India, na dada yake Maggie. Naye akafariki Nyeri 1955 na kuzikwa makaburi hayohayo. Nimewapeleka wanafunzi wangu pale mara nyingi. Walikuwa watu wa dola iliyotutawala, na wakati Corbett akipumzika kwenye baraza lile Cucu alikuwa handakini. Siwezi kuitembelea Paxtu bila kuliwaza hilo. Lakini siwezi pia kukana kwamba mzee yule alipata alichokihitaji: rafiki wa zamani karibu, na muda wa kuaga kwa kalamu yake.

Dedan Kimathi, mzaliwa wa Thegenge, Tetu hiihii yetu, alipewa usiku mmoja. Alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Siku moja kabla, barua yake ilikwenda kwa Padri Marino wa misheni ya Katoliki Nyeri, akimkabidhi shida za mama yake na masomo ya mwanawe. Mtu aliyekuwa na mke, mama na watoto alimwandikia padri. Wale wa damu yake walikuwa wametawanywa, mkewe mwenyewe kizuizini, na barua ilihitaji mtu aliyekuwa huru kuipokea. Mwili wake haukurudishwa. Mukami, mjane wake, aliomba mifupa hiyo kwa serikali moja baada ya nyingine hadi alipofariki tarehe 4 Mei 2023, na akazikwa Njabini bila kuipata. Miaka 66. Namba hiyohiyo. Sikuitafuta, imejileta.

Na kwa kuwa tuko Tetu, nimtaje pia Wangari Maathai wa Ihithe. Alikuwa ameomba asizikwe katika sanduku la mbao, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akitetea miti. Alipofariki tarehe 25 Septemba 2011 waliobaki wangeweza kusema serikali imetoa mazishi ya kitaifa, sanduku zuri lipo, yeye hataona. Walimtengenezea jeneza la mianzi, mafunjo na magugu-maji, na mwili ukachomwa kama alivyotaka, katika nchi ambayo wengi wetu tunauogopa moto huo. Kila nikilikumbuka jeneza lile nakumbuka kitambaa.

Niliambiwa habari zake siku ile ya maharagwe. Mapema 2019, pesa za wazee zikiwa zimeingia, walikwenda sokoni baada ya chai na kununua vitambaa viwili vya kichwa, vya buluu, vyenye maua madogo meupe, sawa kabisa. Walikubaliana kwamba atakayetangulia atafungwa chake na mwenzake. Wasichana wa mochari wasimguse kichwa, wala binti zake. Miaka ile ya kijiji walikuwa wakifungana vitambaa kila asubuhi kabla ya kwenda handakini, kwa sababu hapakuwa na kioo. Ndiyo hivyo tu. Hawakumwambia mtu; waliona haya, nadhani, kama watu wanaoweka mkataba wa kitoto. Kitambaa cha Cucu tulikikuta baadaye chini ya godoro, kimekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Shangazi alidhani ni cha kwendea kanisani. Alikigawa.

Nilimwomba radhi mwenzake Cucu. Nilimwambia kuhusu orodha, jinsi nilivyoiandika, na kwamba jina lake halikunijia. Alisikiliza, vidole vikiendelea na maganda. "Mlikuwa na msiba," akasema. Kisha akaniambia nichukue beseni, mvua inakuja.

Mikutano ya ukoo ilirudi. Desemba huku kwetu barabara ya kutoka Nairobi hujaa hadi usiku, magari yamebeba unga, soda na watoto wasiojua kukamua. Desemba 2022 wetu ulikuwa mkubwa, wa kwanza kukamilika tangu janga lile: mbuzi watatu, mukimo wa sufuria mbili, njahi, fulana za kijani zenye jina la ukoo mgongoni, na chati ya nasaba iliyochorwa na binamu yangu ikaning'inizwa kwenye mti wa mukima ulio karibu na zizi. Watu walijitafuta kwenye chati kwa vidole. Nilijua kabla ya kutazama kwamba mwenzake Cucu hayumo, kwa kuwa hakuwa na mstari wa kumleta pale.

Nikaenda kumchukua. Kwa gari inabidi kuzunguka hadi barabara kuu, dakika ishirini kwa safari ambayo ndege anaimaliza kwa pumzi moja. Nilimkuta amekwisha kujitayarisha, amekaa mlangoni, koti lilelile, na kichwani kitambaa cha buluu chenye maua madogo meupe. Njiani hakusema neno. Alitazama nje, Mlima ulikuwa umejifunua wote.

Tulipofika nilimpa kiti karibu na wazee, kwenye kivuli. Mshereheshaji, kijana wa mkwe wetu mmoja, akamletea kipaza sauti, akamuuliza kwa adabu yeye ni nani katika familia. Akakisukuma kando. Alikuwa akimtazama mtoto wa mwisho wa baba mdogo, msichana wa miaka sita, aliyesimama karibu na meza na kipande cha nduma mkononi. Baba mdogo alichelewa kuoa. Huyu ni binti yake wa kwanza, na kwa hiyo ni Cucu wa nne. Anaishi hapahapa Giakanja na Kikuyu anakijua vizuri.

Bibi akamwita. Hakumwita kwa jina. Alisema "wakini", neno ambalo wenye rika moja huitana, na halafu, kwa sauti ya chini, lile jina la utani la kijijini. Mtoto akaja. Bibi akainamisha kichwa, akafungua fundo kwa vidole vilivyokunjamana, akakivua kitambaa. Nywele zake zilikuwa chache na nyeupe kabisa, sikuwahi kuziona. Akamgeuza mtoto, akamfunga, akavuta pembe moja, akafungua, akafunga tena kwa namna ya zamani, fundo likakaa kisogoni. Akamgeuza amwone uso.

"Ulienda bila kuniaga," akamwambia.

Mtoto alinitazama mimi kwanza. Kisha akaweka nduma mezani, akafuta mkono kwenye fulana, akamshika bibi mkono.

"Pole," akasema.